Kufundisha Ujazo kwa Sanduku la Minyororo ya Trekta

Mara nyingi hesabu za ujazo hufundishwa ubaoni tu. Mwanafunzi hukariri kwamba ujazo ni urefu mara upana mara kimo, akapata alama zote. Lakini akipewa boksi hajui litaingia lita ngapi. Katika makala haya tutaeleza jinsi kazi halisi, yaani utengenezaji wa sanduku la chuma la kuwekea minyororo kwenye trekta dogo, inavyoweza kuipa kanuni hiyo maana. Somo hili lafaa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Kazi yenyewe

Trekta dogo huungwa na zana zake kwa mikono mitatu iliyo nyuma: miwili chini na mmoja juu. Mfumo huo ulibuniwa na Harry Ferguson, nao ulitumiwa katika trekta la Ford 9N lililotolewa mwaka 1939. Minyororo ya kuvutia magogo ikilundikwa miguuni mwa dereva huweza kuteleza chini ya breki, au kuanguka na kunaswa na gurudumu. Kwa hiyo fundi huunda fremu ya chuma ishikwayo na mikono hiyo, akachomelea masanduku mawili, moja kila upande, ili uzito ulingane.

Hatua ya kwanza: kuona

Tuchukue sanduku lenye urefu wa sentimita 30, upana 20 na kimo 20. Wanafunzi waliunde kwa karatasi ngumu, pamoja na vijisanduku vya sentimita 10 kila upande. Kila kijisanduku ni lita 1. Wavipange wenyewe: tabaka la chini litachukua 6, la juu 6, jumla 12. Hapo ndipo mwalimu aandike ubaoni 30 × 20 × 20 = 12,000, wala si kabla.

Hatua ya pili: eneo na uzito

Sanduku la karatasi likunjuliwe. Kitako ni sentimita za mraba 600, mbavu mbili 1,200, na ncha mbili 800, jumla 2,600. Bamba likiwa na unene wa milimita 3, chuma chote ni sentimita za ujazo 780. Kila moja ina uzito wa gramu 7.85, hivyo sanduku ni takriban kilo 6. Mnyororo wa milimita 10 una takriban kilo 2 kwa mita. Mita 6 ni kilo 12. Sanduku na mnyororo wake ni kilo 18, na yote mawili 36. Tuwaulize: kwa nini fundi hapanui sanduku apendavyo? Uzito ukizidi nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hautii.

Hatua ya tatu: kufikiri

Kilo 12 za chuma ni kama lita 1 na nusu tu. Je, mnyororo huo utaenea katika chombo cha lita 2? Wajaribu kwa kipande kidogo: wakitumbukize katika ndoo iliyojaa maji na kupima yaliyomwagika, kisha wakiweke katika chombo kikavu. Watagundua kwamba nafasi iliyo kati ya pete nayo huhesabiwa.

Tahadhari

Kuchomelea ni kazi ya fundi mwenye ngao ya uso, si ya watoto. Mwanga wake huumiza macho hata kwa muda mfupi, na moshi wa rangi au zinki ni sumu. Wanafunzi waonyeshwe sanduku likiwa tayari na limepoa. Hapo waulizwe kwa nini kitako kimetobolewa, na jibu, kwamba maji ya mvua yapate kutoka, walitoe wenyewe.

Mwisho, kila kundi lipewe boksi jingine. Likadirie lita kwanza, kisha lipime. Tofauti ya makadirio na kipimo ndiyo itakayomwonyesha mwalimu kama somo limeeleweka.