Ruta Moja, Vyumba Sita

Nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani, mjini Tanga, iwe Barabara ya Tano au ya Kumi na Tano, ina umbo lake: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma. Wapangaji wakichangia intaneti, ruta huwekwa chumba cha mbele. Tuseme kuna kompyuta humo ndani inayorusha video ya mechi ya Coastal Union, na simu tano zinaitazama. Mawimbi yanasambaa nyumba nzima. Kwa nini basi ruta isitume mara moja tu, kila simu ikajidakia?

Njia hiyo ipo, inaitwa multikasti. Steve Deering aliiwekea utaratibu wa intaneti mwaka 1989, na kwenye waya inafanya kazi vizuri. Hewani ndipo inapokwama.

Data ya simu moja hujibiwa: simu ikiipokea salama, hurudisha uthibitisho papo hapo. Ruta isipoupata hutuma tena. Data ya kundi haijibiwi na yeyote, kwa kuwa simu zote zikijibu pamoja majibu yatagongana. Iliyopotea imepotea. Kwa hiyo ruta hutuma kwa kasi ya chini ambayo hata simu iliyo mbali zaidi itaimudu: mara nyingi megabiti 1 kwa sekunde kwenye gigahezi 2.4, au 6 kwenye gigahezi 5. Mpangaji wa chumba cha uani, aliye nyuma ya kuta kadhaa za matofali ya saruji, ndiye anayepangia nyumba nzima mwendo.

Tupige hesabu. Video inahitaji megabiti 4 kwa sekunde. Nakala tano ni megabiti 20. Ikiwa kila simu inapokea kwa kasi ya megabiti 200, nakala zote tano zitatumia takriban sehemu moja ya kumi ya muda wa hewani. Nakala moja ya multikasti, kwa kasi ya 6, itakula theluthi mbili. Kwa kasi ya 1 haipiti kabisa. Kutuma mara tano ni nafuu kuliko kutuma mara moja! Ndiyo maana ruta nyingi za sasa huipokea multikasti kutoka kwenye waya, kisha huigawa kimyakimya kuwa nakala ya kila simu.

Wahandisi nao wamekwenda mbali zaidi. Kiwango cha 802.11ac cha mwaka 2013 kiliiwezesha ruta yenye antena kadhaa kuelekeza mawimbi tofauti kwa simu hadi nne kwa wakati uleule. Kile cha 802.11ax, kilichoidhinishwa mwaka 2021, huikata njia ya megahezi 20 vipande hadi tisa, kila simu na kipande chake. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye faida ya kweli kwa nyumba ya wapangaji, ambako huyu anatazama mpira na yule anatuma ujumbe.

Lakini simu nazo lazima ziwe za kiwango hicho. Ya zamani itaendelea kungoja zamu. Na kabla ya kununua ruta mpya, ihamishieni iliyopo katikati ya ukumbi, juu ukutani. Kuta za kupenya hupungua, na kasi ya chumba cha uani hupanda bila gharama.