Sufu ya Kondoo na Chupa za Kioo kwa Ajili ya Wagonjwa Wetu

Katika ziara ambazo jumuiya zetu ndogondogo huwafanyia wagonjwa majumbani, tulimkuta mzee mmoja ambaye mikono yake hutetemeka kiasi cha kushindwa kushika bilauri. Ilikuwa imemponyoka mara mbili, na mara ya pili kioo kilimkata mguu. Jamaa zake wakampa kikombe cha plastiki. Akakikataa, akisema hicho ni chombo cha watoto. Tangu siku ile akawa anakunywa maji machache kuliko inavyompasa, kwa kuwa hakutaka kunyweshwa na wajukuu wake.

Sisi tunaoishi katika nyanda za juu za Nyandarua, nchini Kenya, hatukosi sufu wala chupa za jemu na asali zilizokwisha kazi. Mmoja wa akina mama wetu ndiye aliyependekeza tuvike chupa vazi la sufu lililosongamanishwa kwa maji ya moto na sabuni, yaani felti. Vazi hilo halitelezi mkononi, huzuia joto la chai lisiuchome mkono, na chupa ikianguka hupunguza kishindo. Tangu hapo tumejifunza mengi, mengine kwa kuharibu, nasi tunapenda kuyaeleza kwa parokia nyingine zinazofuga kondoo.

Felti haifumwi wala haishonwi. Unywele mmoja wa sufu, ukitazamwa kwa hadubini, una magamba madogo yaliyopangika mithili ya vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Sufu ikilowa maji ya moto yenye sabuni, magamba hayo hufunuka kidogo. Ukiisugua, kila unywele huteleza kuelekea upande wa shina lake na kukataa kurudi ulikotoka, hata nywele zote zikashikana zisiweze kutenganishwa tena. Kila mama aliyewahi kufua sweta ya sufu kwa maji ya moto, akaitoa inamfaa mwanasesere, anaijua nguvu hiyo. Wafugaji wa Asia ya Kati wameitumia tangu kale kutengenezea mahema yao, na katika makaburi ya Pazyryk, kwenye milima ya Altai, ilipatikana felti iliyohifadhiwa na barafu kwa zaidi ya miaka 2,000.

Si kila manyoya yanafaa. Sufu ya Merino na ya Corriedale husongamana vizuri, lakini kondoo wekundu wa Wamaasai wana nywele zaidi kuliko sufu, na kazi yao itakuchosha bure. Nyuzi nyingi zinazouzwa madukani ni za akriliki, nazo hazisongamani kamwe hata ukizisugua mpaka jioni. Ukiwa na shaka, choma uzi mmoja: sufu hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha jivu linalosagika vidoleni, ilhali akriliki huyeyuka ikaganda kuwa punje ngumu.

Kuhusu chupa, tunasisitiza jambo moja kuliko yote: chupa iliyowahi kutiwa dawa ya kuogeshea mifugo au ya kuulia wadudu isitumike kamwe, hata ikioshwa mara kumi. Penye kondoo hapakosi chupa za namna hiyo, na lebo zake hubanduka upesi. Tunapokea zile tu ambazo mwenye nyumba anajua zilikuwa na nini tangu zilipoingia jikoni kwake. Kisha tunapitisha kitambaa laini mdomoni mwa chupa. Kikinasa, pana ufa au pamemeguka, nayo huwekwa kando. Chupa yenye ubavu ulionyooka ni bora kuliko iliyobonyea kiunoni, kwa maana vazi lake litavulika na kufuliwa. Kwa mgonjwa, vazi lisilovulika ni uchafu unaosubiri siku yake.

Sufu huoshwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu bila kusuguliwa, huanikwa, kisha huchanwa mpaka ilegee kama wingu. Kwa chupa moja ya jemu, gramu 25 hivi zatosha. Tunaivika kwa tabaka nyembamba: la kwanza likizunguka chupa, la pili likisimama wima, la tatu likizunguka tena, na kitako kikifunikwa pia. Tabaka nene moja haliwezi kushika mahali pa nyembamba tatu; hilo tulilipinga mwanzoni, tukajuta.

Juu ya sufu hiyo tunavuta soksi ndefu ya nailoni ili isihame. Tunanyunyizia maji ya moto unaovumilika mkononi, yaliyochanganywa na sabuni ya mche iliyoparuzwa. Maji yanayochemka hayafai, kwani kioo baridi kikipata joto la ghafla hupasuka, na kioo kinene hupasuka upesi zaidi kuliko chembamba. Baada ya hapo kazi ni kupapasa tu, bila kukandamiza, kwa muda wa kama dakika kumi. Ni hapa ambapo wengi hushindwa. Mtu mwenye haraka hukaza mkono mapema, sufu ikajikunja makunyanzi na kuacha mapengo, na makunyanzi hayo hayatanyooka tena. Vijana wetu wenye nguvu ndio walioharibu nyingi. Bibi mmoja wa makamo ya miaka 70 hajaharibu hata moja.

Ili kujua kama imeiva, bana sufu kwa vidole viwili na kuivuta. Nywele zikiinuka peke yake, endelea kupapasa. Ngozi nzima ikiinuka pamoja, vua soksi, kisha sugua kwa nguvu na kuviringisha chupa juu ya taulo mpaka sufu iibane. Suuza, tumbukiza katika maji yenye siki kidogo ili kuondoa mabaki ya sabuni, ukaushe kivulini. Acha ukingo wa kioo wazi, upana wa vidole viwili, ili midomo isiguse sufu.

Masimulizi ya kale, ambayo hatuyashiki kama historia, husema kwamba Papa Klementi wa Kwanza, anayekumbukwa tarehe 23 Novemba, alitia sufu katika viatu vyake akiwa safarini, na kwa jasho na mwendo akaikuta imekuwa felti. Ndiyo maana mafundi wa felti na wa kofia wa Ulaya walimchukua kuwa msimamizi wao. Kwa vyovyote, aliyesimulia alikijua kiatu kilicholowa.

Vazi la kwanza tulilompelekea mzee wetu lilikuwa limelegea. Alilizungusha mkononi, akaturudishia bila kusema neno. Tulilivika tena chupa yake, tukalirudia kwa maji ya moto na sabuni kwa robo saa, nalo likabana, kwa kuwa felti iliyolegea bado hukubali kusinyaa. Wiki iliyofuata tulimkuta ameketi kibarazani, chupa iko magotini, chai imefika nusu. Alituomba nyingine ya mkewe.