Siku ya Kliniki Isikatwe Mshahara

Katika mashamba ya chai ya Uganda mama anayechuma majani hulipwa kwa kilo. Asubuhi anayompeleka mtoto kliniki hana kilo, na asiye na kilo hana ujira. Wapo wanaosema kina mama hawa wanapuuza chanjo. Sivyo. Wanapiga hesabu ya unga.

Tutazame hesabu yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa juma, hayo ni majuma 10 tu, na akiianza kabla ya kujifungua yanapungua. Kadi ya mtoto haiishii hapo. Akizaliwa hupewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Juma la 6, la 10 na la 14 hukingwa na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini na mengineyo. Mwezi wa 9 ni surua, ikarudiwa mwezi wa 18. Tena tangu Aprili 2025 serikali imeanza chanjo ya malaria katika wilaya zenye ugonjwa huo kwa wingi: mwezi wa 6, wa 7, wa 8 na wa 18. Jumla safari 9, na 6 kati yake humkuta mama amekwisha kurudi shambani.

Wala safari hizo si za sindano peke yake. Mtoto hupimwa uzito, ukatiwa alama kwenye kadi. Mstari ukilala au ukishuka, muuguzi huona hatari ambayo mama nyumbani hajaiona bado.

Waajiri wengine husema mtoto si mwajiriwa wao. Haya, lakini surua ikiingia katika nyumba za kambi zilizosongamana, mama atakosa kazi juma zima, si asubuhi moja. Na Sheria ya Chanjo ya mwaka 2017 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake amechanjwa. Sheria imwamuru aende, mnyapara amkate kwa kwenda?

Tunachodai kiingie katika mkataba wa hali bora ni nusu siku yenye malipo kwa kila tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, kwa mama au kwa baba. Mchuma chai ahesabiwe kwa wastani wa kilo zake. Kadi yenyewe iwe ushahidi, asidaiwe barua ya daktari. Palipo na zahanati ya shamba, mwajiri apatane na wauguzi wa wilaya waje huko huko.

Mama aliyekosa tarehe asione haya kurudi: chanjo haianzwi upya, huendelezwa pale ilipoachwa. Makatibu wa matawi waandike watoto wote walio chini ya miaka 2 na tarehe zao za kliniki, waje na orodha hiyo kwenye majadiliano na mwajiri.