Kidaka, Kitale, Dafu: Orodha Iliyo na Mpango

Mtume mtoto akaangue nazi ya kutia katika mchuzi. Akirudi na koroma, usiharakie kumkemea. Pengine nyumbani humo kila kitokacho mnazini huitwa nazi, naye hajapata kusikia kwamba tunda hilo hubadili jina kwa kadiri ya umri wake.

Wazee wetu wa pwani huanza na kidaka, kilicho kichanga kabisa. Hufuata kitale, kilichokua kidogo lakini bado hakijafaa kunywewa. Kisha dafu, lenye maji matamu na nyama laini ya kukombwa. Baada yake ni koroma: nyama imeanza kukaza, na ukiikuna hupati tui la maana. Ndipo inapokuja nazi, iliyokomaa. Ikikaukia ndani ya kifuu hata nyama ikabanduka, hiyo ni mbata, nayo hukamuliwa mafuta.

Ukiyapanga majina hayo kwa herufi, dafu litakitangulia kidaka, na mbata kavu itakaa mbele ya nazi iliyoizaa. Jina utalipata upesi, ila mpango wa mnazi utakuwa umevunjika. Si kwamba mpango wa herufi hauna faida. Ibn al-Baytar, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki Damascus mwaka 1248, alikusanya dawa na vyakula takriban 1,400 katika kitabu kimoja, akavipanga kwa herufi na kutaja majina yake katika lugha mbalimbali. Kwa tabibu anayetafuta dawa asiyoijua ila kwa jina la kigeni, hiyo ni rehema. Lakini mpango huo haumwambii ni mimea ipi iliyo jamaa moja.

Linnaeus wa Sweden aliuliza swali hilo la ujamaa wa mimea, na mwaka 1753 akauita mnazi *Cocos nucifera*. Kwake kidaka na mbata ni kitu kimoja, na hakukosea. Mama aliye jikoni anauliza jingine: hili linafaa nini leo? Kwa swali lake yeye ni vitu viwili mbalimbali, kama vile mpunga wa shambani usivyoweza kuitwa wali, ingawa punje ni ile ile.

Basi orodha hugeuka kuwa mpango pale tu panapokuwa na swali linaloipanga. Mjaribu mwanao kwa joya: umweke wapi katika safu ile? Joya halina pahali, kwa kuwa si umri bali ni ila. Kwa nje ni nazi kama nazi nyingine. Ndani hamna maji wala nyama ya kukunwa, ila kitu chepesi kama sifongo. Kwa hilo mama ana swali la tatu, nalo huliuliza kwa mkono: huitikisa nazi sikioni kabla ya kuilipia.