Unapeleka plau au trekta ushago? Lipa lori kwa awamu

Kutoka Kayole, Kangundo Road inakupeleka hadi Tala na Kangundo bila kuingia tauni. Wateja wetu wengi wa Masimba, Soweto na Kayole Junction wana shamba upande huo au mbali zaidi. Mtu anajinyima miezi mingi, ananunua plau ya diski, mashine ya kukata majani ya ng'ombe au trekta ya mtumba. Kinachobaki ni usafiri, na hapa ndipo pesa hupotea kirahisi: anatuma nauli yote asubuhi, jioni simu ya dere imezimwa.

Hizi hapa hatua za kukulinda wewe, mzigo na dere mwaminifu.

1. Eleza mzigo kabla ya kuuliza bei

Trekta ya saizi ya kati hupita tani 2 hata kabla ya kufungiwa plau. Hiyo si kazi ya pikapu. Mtumie dere picha, uzito, urefu na upana wa mashine, na umuulize gari lake linaruhusiwa kubeba kiasi gani. Muulize pia mtapakiaje na mtashushaje. Plau haibebwi na watu wawili, na huko shambani huenda hakuna winchi wala kilima cha kushushia.

Kitu kipana kuliko gari, kama mashine ya kuvuna ngano, kinahitaji trela yenye kitanda cha chini, pamoja na kibali cha mzigo uliozidi vipimo kutoka KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Bei iliyokubaliwa bila kujua haya hubadilika siku ya kupakia, na wakati huo pesa yako ishaenda.

2. Andikianeni kwa SMS

Si lazima wakili. Ujumbe mmoja unatosha: nambari ya gari, jina la dere, mzigo, mahali pa kupakia na kushusha, bei yote, awamu za malipo, na nani analipa vijana wa kupakia. Dere ajibu "Sawa". Mkikosana baadaye, mna cha kuonyesha.

Kama humjui, tafuta rekodi ya gari kwenye eCitizen uone limeandikishwa kwa nani. Uliza pia kuhusu bima. Bima ya kawaida ya gari dhidi ya watu wengine hailipi trekta yako ikianguka. Mzigo una bima yake ya safari.

3. Gawa nauli

Tuseme mmekubaliana shilingi 18,000. Tuma 6,000 ya mafuta mzigo ukishapakiwa na kufungwa, na 12,000 ukishashushwa salama. Kwa ada za M-Pesa zilizotangazwa 2023, kutuma 18,000 mara moja ni shilingi 105. Ukigawa, utalipa 78 na kisha 100, jumla 178. Umeongeza shilingi 73 pekee, lakini umebaki na 12,000 mkononi mpaka mashine ifike.

Kabla ya kutuma ile ya kwanza, wewe au mtu wako akague: minyororo imekaza, magurudumu yamewekewa vizuizi, breki ya mkono iko juu, plau imelazwa sakafuni na kufungwa. Kinachochomoza nyuma kiwe na kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku. Piga picha, nambari ya gari ionekane.

4. Soma jina kabla ya PIN

Jina la mpokeaji hutokea kabla hujakamilisha kutuma. Likiwa tofauti na lile la kwenye SMS yenu, simama umpigie dere. "Tuma kwa hii ya tanboi, yangu ina shida" ni sentensi ya kukufanya usubiri.

Umekosea namba? Usimpigie aliyepokea na kuanza kubishana. Sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Pesa ikishatolewa, kuirudisha huwa ngumu sana, kwa hivyo kila dakika ina maana.

Na pesa ya kununua mashine usiipitishe kwa dere "akulipie". Mlipe muuzaji mwenyewe, kwa Till au Paybill ya biashara yake. Kumbuka muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000. Trekta huenda ikahitaji malipo kadhaa au benki.

5. Simu ya njiani: "Tumeshikwa, tuma haraka"

Inaweza kuwa kweli, inaweza kuwa mchezo. Omba picha ya karatasi aliyopewa. Malipo halali ya serikali yana njia rasmi na risiti, kama eCitizen kupitia Paybill 222222, hayaendi kwa namba ya mtu binafsi. Kama gari limezidisha uzito wakati ulimpa dere uzito sahihi, hilo liwe lake, na liandikwe hivyo kwenye ile SMS ya mwanzo.

6. Kama wewe ndiye dere

Hata wewe unaweza kuliwa. Mwenye mzigo anakuonyesha ujumbe kwenye simu yake: "Nishatuma, boss." Usishushe kwa sababu ya simu yake. Ujumbe halisi unaingia kwako, ukitoka kwa jina MPESA, si kwa namba ya kawaida. Angalia salio lako kwanza. Mtandao ukisumbua, subirini pamoja. Mashine ikishashuka kwenye matope ya shamba, huna tena kitu cha kudai nacho.

Kwa ufupi

Kila awamu ya pesa ifuate kitu kilichoonekana kwa macho: mzigo umefungwa, pesa ya mafuta inaenda, mzigo uko chini salama, inayobaki inaenda. Aliye shambani kupokea, awe mzee au jirani, apewe nambari ya gari na akupigie mwenyewe kabla hujaweka PIN ya mwisho.

Mtumie ukurasa huu dere wako kabla hamjapatana bei. Anayefanya kazi safi hatakataa.