Sura ya Nne: Mkono Kifuani

Ukipita karibu na kituo cha polisi Tanzania saa kumi na mbili jioni, utasikia filimbi. Muuza karanga anasimama, mwenye baiskeli anashuka, mazungumzo yanakatika. Bendera inateremshwa, filimbi inalia tena, na kila mtu anashika njia yake. Wengi wetu tulijifunza kusimama hivyo kwa kuwaona wakubwa wetu wakisimama, si kwa kusoma sheria. Je, heshima ya namna hii ikiandikwa kuwa sheria, mtu anaweza kulazimishwa kuitoa?

Nchi iliyohangaika na swali hili hadharani ni Marekani. Tarehe 14 Juni 1923 wajumbe wa vyama mbalimbali walikutana Washington wakaandika mwongozo mmoja wa bendera, maana hadi hapo kila kundi lilikuwa na taratibu zake. Kongresi iliupitisha kuwa sheria Juni 1942, nchi ikiwa vitani. Humo mna mambo ambayo hata skauti wa kwetu angeyatambua: bendera ipandishwe upesi na ishushwe polepole, isiguse ardhi, isivaliwe kama nguo, na ikiachwa usiku imulikwe taa.

Hata msiba una utaratibu wake. Bendera ya nusu mlingoti haipandishwi nusu njia ikaachwa hapo. Hupelekwa kwanza hadi kileleni, ndipo huteremshwa katikati. Na jioni hurudishwa kileleni kabla ya kushushwa. Akifa rais, hukaa hivyo siku 30. Makamu wa rais, siku 10. Kanuni hii ya kileleni naipenda sana. Ni kama mfiwa anayesimama wima kwanza, kisha akainamisha kichwa.

Lakini taratibu hizo hazikuambatanishwa na faini wala kifungo kwa raia atakayezikiuka. Zinasema yafaa, hazisemi ole wako. Walioleta shuruti walikuwa wengine: majimbo na bodi za shule, na shuruti yenyewe iliwaangukia watoto.

Kila asubuhi wanafunzi wa Kimarekani walikariri kiapo cha utii kwa bendera, kilichotungwa na Francis Bellamy mwaka 1892. Zamani walikariri huku wamenyoosha mkono mbele kuielekea bendera. Ishara hiyo ilipofanana mno na saluti ya wafuasi wa Hitler, Kongresi iliibadilisha Desemba 1942, na mkono ukahamia kifuani. Kwa hiyo ishara hii tunayoidhani ya kale ina umri wa mtu tunayeweza kuketi naye barazani.

Mwaka 1935, huko Minersville, Pennsylvania, Lillian Gobitas, mwenye miaka 12, na mdogo wake William, mwenye miaka 10, walikataa kupiga saluti. Walikuwa Mashahidi wa Yehova, na kwao saluti ile ilikuwa kusujudia sanamu. Walifukuzwa shule. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1940 majaji 8 kati ya 9 waliipa shule haki. Karani alikosea hata jina lao, akaandika Gobitis, na hivyo ndivyo linavyosomeka vitabuni hadi leo. Baada ya hukumu, makundi ya watu yaliwavamia Mashahidi katika miji mingi. Huko Kennebunk, Maine, ukumbi wao wa ibada ulichomwa moto.

Januari 1942 jimbo la West Virginia lilifanya saluti kuwa lazima. Mtoto aliyekataa alifukuzwa, kisha akahesabiwa mtoro, na mzazi wake aliweza kutozwa dola 50 na kufungwa siku 30. Nalisoma hili kila mara kwa uchungu: mtoto anafungiwa mlango wa darasa, halafu baba yake anashtakiwa kwa kuwa mtoto hayumo darasani. Kati ya waliofukuzwa walikuwamo Marie na Gathie Barnett, mtu na dada yake. Jina lao nalo lilikosewa mahakamani, likawa Barnette.

Tarehe 14 Juni 1943, Siku ya Bendera, mahakama ileile iliigeuza hukumu yake, majaji 6 dhidi ya 3. Jaji Robert Jackson, aliyeiandika, hakuishia kuuliza kama watu wa dini fulani wasamehewe saluti. Aliuliza kama serikali ina mamlaka yoyote ya kumtia mtu maneno ya imani kinywani, awe na dini au asiwe nayo. Jibu lake lilikuwa hapana. Alilitoa wakati vijana wa nchi hiyo wakifa vitani chini ya bendera ileile, na kwangu hapo ndipo uzito wa hukumu ulipo.

Swali hilo lilifika kwetu pia. Wanafunzi zaidi ya 100, nao Mashahidi wa Yehova, waliadhibiwa na shule kwa kutoimba wimbo wa taifa, wengine wakafukuzwa. Julai 2013 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba adhabu hiyo ilivunja uhuru wao wa dini.

Katika kesi ya akina Barnett kuna jambo ambalo wengi hulipita. Mashahidi walikuwa wamejitolea kutamka mbele ya shule nzima kiapo chao wenyewe: kwamba wanaiheshimu bendera, na kwamba watatii kila sheria isiyopingana na ya Mungu. Bodi ya elimu haikukikubali.