Sukari yalaumiwa, kitambi chasifiwa

Katika jamii yetu, mtu aotapo kitambi husemekana kuwa amenawiri. Asipokuwa nacho baada ya kupandishwa cheo, watu humwuliza kwa mzaha iwapo mkewe humlisha. Lakini mtu huyo huyo auguapo kisukari, lawama zote huelekezwa kwenye chai yake tamu. Dhana hii imepenya hata madarasani. Nimesikia mara si moja mwanafunzi akijibu kwamba kisukari huletwa na kula sukari, na jibu lake likapewa alama.

Mwaka wa 1947, daktari Mfaransa Jean Vague alieleza kwamba mafuta yanayorundikana sehemu za juu za mwili huandamana na kisukari kuliko yale ya mapajani. Utafiti wa baadaye umeonyesha sababu. Mafuta yaliyo chini ya ngozi yamo ghalani. Ghala likijaa, hufurika hadi kwenye ini, misuli na kongosho. Kwa kawaida insulini inayotolewa na kongosho huiamuru misuli ipokee glukosi kutoka kwa damu, na kulizuia ini lisitoe nyingine kupita kiasi. Viungo vilivyosheheni mafuta havitii amri hiyo. Ini huendelea kumwaga glukosi hata usiku wa manane mtu akiwa hajala kitu. Kongosho nalo huzidisha insulini, pengine kwa miaka mingi, bila mwenyewe kuhisi lolote, hadi lilemewe. Hapo ndipo daktari huiona sukari damuni.

Sisemi kwamba soda haina hatia. Sukari na wanga vikizidi, ini huvigeuza kuwa mafuta hayo hayo.

Aidha, maghala hayalingani. Ndiyo maana mnene fulani huishi salama ilhali mwembamba mwenye kitambi kidogo akaugua. Wala asinyoshewe kidole mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Ugonjwa wake hutokana na kinga ya mwili kuzishambulia chembe zinazotengeneza insulini, na unene si chanzo chake.

La kutia moyo ni kwamba mafuta yaliyoingia yanaweza kutoka. Katika utafiti wa DiRECT uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka wa 2017, wagonjwa 149 wa kisukari cha aina ya pili waliwekwa kwenye mpango mkali wa kupunguza uzani. Baada ya mwaka mmoja, 68 kati yao hawakuwa na kisukari tena, tena bila dawa.

Sasa tazama shule zetu. Kipindi cha mazoezi ya viungo kimo kwenye ratiba, lakini mitihani ikikaribia humezwa na hisabati, huku kantini ikiuza mandazi na chipsi mwaka mzima. Mkuu wa shule anayeruhusu hayo hawezi kusema anamwandaa mtoto kwa maisha.

Nawaomba walimu wa baiolojia watoe zoezi hili la nyumbani. Mwanafunzi achukue uzi, apime kimo cha mzazi wake, aukunje katikati, kisha auzungushe kiunoni mwa mzazi huyo. Ncha zikikataa kukutana, amsindikize zahanati akapimwe damu.